Marejeo ni Ngamani: Askari wa Ukambani na Maradhi Aliyorudi Nayo

Utangulizi

Historia ya askari wa Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kama historia ya vita. Huanza siku ya kuandikishwa, hukifuata kikosi kutoka kambi moja hadi nyingine, na huishia siku ya kuvua sare. Yale yanayomfika askari baada ya siku hiyo huachiwa jamaa zake wayajue peke yao. Makala haya yanakusudia kuitazama sehemu hiyo iliyoachwa, kwa mfano wa askari wa Kitui na Makueni, na kwa kufuata jambo moja tu, nalo ni maradhi. Hoja yake ni kwamba askari wa Ukambani alirudi nyumbani na adui ambaye hakuhesabiwa katika taarifa za ushindi, na kwamba gharama ya kupambana na adui huyo ilibebwa na nyumba yake kuliko serikali iliyomtuma.

Yafaa kueleza mipaka kwanza. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, ilipofanywa wilaya ya pekee. Kitui ilikuwa wilaya tangu siku za mwanzo za ukoloni. Kwa hiyo, katika hati nyingi za zamani, mtu wa Mbooni, Kilungu au Nzaui huitwa mtu wa Machakos. Nchi yenyewe inafanana pande zote mbili: vilima vyenye rutuba na watu wengi, na chini yake nyika kavu ambako mvua huja ikipenda. Njaa kuu iliyoanza miaka ya mwisho ya karne ya 19, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliwafundisha wengi kwamba shamba peke yake halitoshi kuwa tegemeo. Mshahara wa jeshi ulipokuja, ulikuja katika nchi iliyokwisha kuujua ukame.

Wapagazi, 1914–1918

Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na kwa Kiswahili cha watu kikaitwa Keya, kwa kuzitamka herufi za kwanza za jina lake. Hata hivyo, vita vya kwanza vilivyowachukua Wakamba kwa maelfu viliwahitaji mabega kuliko bunduki. Wadachi walipoiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, mapigano yalikuwa jirani kabisa na Ukambani. Na majeshi ya Waingereza yalipoanza kusonga kusini mwaka 1916, kuvuka mpaka na kuelekea bonde la Rufiji, hapakuwa na njia ya kupeleka chakula na risasi ila kwa vichwa vya watu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliamuru uandikishaji wa lazima katika wilaya zote, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, na machifu wakatakiwa kutoa vijana kwa hesabu.

Jeshi hilo la wapagazi ndilo lililoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Idadi ya waliokufa kutoka Kenya ya leo hukadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Sababu moja ilikuwa chakula. Mtu aliyezoea mtama, mawele, kunde na mbaazi alipewa posho ya unga wa mahindi uliosagwa vibaya, tena hakupewa muda wala kuni za kutosha kuupika hadi uive. Unga huo ulimkwaruza matumbo, na tumbo lililokwisha kuumia halikuweza kuhimili maji machafu ya njiani. Baridi ya usiku na blanketi moja vilimaliza kazi iliyobaki. Hospitali za wapagazi zilipopanuliwa na upishi kurekebishwa, vifo vilipungua. Lakini kwa maelfu ya watu mageuzi hayo yalikuja wakati wao umekwisha kupita.

Aliyenusurika alirudi na nini? Alirudi na mwili uliopungua nguvu, na njiani akakutana na balaa jingine. Homa kuu ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka 1918 iliingia kwa meli na kupanda bara kwa njia ya reli, wakati ambapo mvua zilikuwa zimekosekana na ghala za Ukambani zilikuwa tupu. Hivyo, nyumba iliyokuwa ikimngoja mtu wa kulima ilimpata mtu wa kuuguzwa. Mishahara ya wengi waliofia njiani haikuwahi kufika kwa wenyewe, na baada ya ubishi wa miaka mingi baina ya maofisa wa Nairobi na wakubwa wa London, fedha hizo hazikurudishwa kwa jamaa za waliokufa.

Kumbukumbu ya mdomo na ya mkono haikuhifadhi mambo yote kwa usawa. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika katika vita hivyo, alirudi na ufundi wa kuchonga vinyago, na leo uchongaji wa Wakamba unajulikana duniani. Ufundi ulioletwa na vita ulipata jina na soko. Kuhara na kifua kilichoharibika havikupata jina wala mnara. Sanamu za shaba zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi zinaonyesha watu wenye miili mizima, waliosimama wima.

Sifa ya ushujaa

Kati ya vita viwili vya dunia, Waingereza walijenga imani kwamba baadhi ya makabila yamezaliwa kuwa askari, nao Wakamba wakawekwa mbele katika orodha hiyo. Sifa hiyo haikutokana na damu. Ilitokana na mahitaji ya pande mbili: jeshi lilitaka vijana watiifu, na vijana walitaka fedha za kodi na za mahari katika nchi iliyokuwa ikichoka. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwapunguzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu, kwa hoja kwamba ardhi inamomonyoka, watu wapatao maelfu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakidai kuonana na Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini amri ya kuuza ng'ombe kwa lazima iliondolewa. Mojawapo ya mambo yaliyowatia maofisa wasiwasi ni kwamba Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi.

Sifa ya ushujaa ilikuwa na faida zake, lakini ilikuwa na madhara yake pia, na madhara hayo yanahusu maradhi moja kwa moja. Mtu aliyesifiwa kuwa shujaa kwa kuzaliwa haruhusiwi kuugua kwa urahisi. Kiswahili cha Keya, ambacho askari wengi walijifunza kambini, kilikuwa lugha ya amri. Na lugha ya amri haina nafasi pana kwa anayetaka kueleza maumivu yasiyoonekana. Wahenga wa pwani walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kambini, kuficha maradhi kulihesabiwa kuwa adabu ya askari, na adabu hiyo wengi walirudi nayo nyumbani.

Kutoka Burma hadi vichuguu vya Kitui

Katika Vita Vikuu vya Pili, Kenya ilitoa watu wapatao 98,000 kwa majeshi. Askari wa Keya walipigana Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Madagascar mwaka 1942, kisha Ceylon na Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwezi wa Agosti 1944, katikati ya masika ya huko, na ikafika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya kwa malaria na kwa homa ya vipele inayoenezwa na utitiri wa majanini. Miongoni mwa sababu za kuwachagua Waafrika kwa kazi hiyo ilikuwa imani kwamba miili yao inaistahimili malaria kuliko ya Wazungu. Imani hiyo haikutofautisha mtu na mtu: kijana aliyekulia vilima vya Mbooni, mahali pa baridi ambapo mbu wa malaria walikuwa wachache, hakuwa na kinga aliyokuwa nayo mtu wa ziwani au wa pwani. Kilichowalinda zaidi askari hao ni vidonge vya mepakrini walivyomeza kila siku hata ngozi na macho yakapata rangi ya manjano, si asili yao.

Lakini ugonjwa ulioiunganisha vita na Kitui kwa namna ya pekee haukutoka Burma. Ulitoka kaskazini. Mwaka 1935, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1940, madaktari waligundua kala-azar kwa askari wa Keya waliokaa kaskazini mwa ziwa Turkana, karibu na mto Omo. Ugonjwa huu huenezwa na usubi wa mchanga, mdudu mdogo kuliko mbu. Mgonjwa hupatwa na homa isiyoisha, hukonda mno, na wengu wake huvimba hadi tumbo likatokeza mbele. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa. Baada ya vita, wagonjwa wa kala-azar walianza kuonekana Kitui, na mwaka 1952 na 1953 wilaya hiyo ilipatwa na mlipuko mkubwa. Madaktari wa wakati huo walishuku kwamba vijidudu vya ugonjwa vilifika huko ndani ya miili ya askari waliorudi kutoka kaskazini. Usubi ulikuwapo Kitui tangu zamani. Uliokosekana ni ugonjwa wa kuubeba.

Uchunguzi uliofanywa Kitui miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha jambo jingine. Ugonjwa ulihusiana na vichuguu vilivyokuwa karibu na nyumba, kwa kuwa usubi hukaa ndani ya matundu yake na kutoka jioni. Jioni ndiyo saa ya thome, yaani uwanja nje ya boma ambapo wanaume na wavulana wa Kikamba hukaa kuzunguka moto, wazee wakazungumza na vijana wakasikiliza. Mahali pa masimulizi, pale askari aliporudi na kuhadithia safari zake, palikuwa pia mahali pa hatari. Haisemwi hapa kwamba askari alikuwa na kosa. Alitumwa mahali penye ugonjwa na watu waliokuwa na madaktari, kisha akarudishwa nyumbani pasipokuwa na daktari.

Tiba ilikuwapo. Ilikuwa sindano za dawa ya antimoni, zilizodungwa siku baada ya siku kwa majuma kadhaa. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa Tseikuru, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Kitui, alihitaji kuacha shamba na mifugo yake na kulazwa mbali, pamoja na jamaa wa kumwangalia. Ndiyo sababu wengi walifika wamechelewa. Katika miaka ya 1970 kala-azar ilizuka tena upande wa Masinga, wilayani Machakos; hivyo maradhi yaliyoshukiwa kuletwa na vita yaliwafikia watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya vita kwisha.

Askari wengi walioandikishwa kwa ajili ya vita hawakupata pensheni bali kiinua mgongo cha mara moja. Uchunguzi wa waandishi wa habari uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha, kwa hati za serikali ya Uingereza yenyewe, kwamba kiinua mgongo cha Mwafrika kingeweza kuwa kama theluthi moja tu ya kile cha Mzungu wa cheo kilekile. Mwaka uliotangulia, 2018, serikali hiyo ilikuwa imetangaza msaada wa karibu pauni milioni 12 kwa askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola walio katika dhiki. Waliopigana Burma na ambao walikuwa bado hai walikuwa wamefika miaka 90 au kuikaribia. Fedha ambayo ingenunua ng'ombe na plau mwaka 1946 ilifika, kwa waliobahatika, kama fedha ya chakula cha uzeeni.

Jeshi la taifa

Baada ya vita Wakamba wengi walibaki jeshini na kuifanya kazi hiyo kuwa ya maisha. Jackson Mulinge, aliyeingia Keya mwaka 1942, alipanda kutoka cheo cha chini hadi efendi, akapewa uofisa mwaka 1961, na mwaka 1971 akashika uongozi wa majeshi ya Kenya baada ya Joseph Ndolo, Mwafrika wa kwanza kuushika. Mulinge alistaafu mwaka 1986 na kufariki mwaka 2014. Maisha kama hayo yalikuwa kielelezo kwa vijana wa Kitui na Makueni. Lakini kwa kila jenerali palikuwa na maelfu ya makoplo na masajini, na hao ndio waliorudi kwenye nyika.

Askari wa jeshi la taifa alipigana katika vita vya mashifta kaskazini-mashariki hadi mwaka 1967, akapelekwa na Umoja wa Mataifa Namibia mwaka 1989 na nchi nyingine baadaye, na tangu Oktoba 2011 akaingia Somalia. Tofauti na babu yake mpagazi, yeye alikuwa na pensheni na hospitali ya jeshi. Hata hivyo, hospitali hiyo kuu iko Nairobi, na mstaafu wa Mutomo yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka huko. Maradhi yake nayo yamebadilika. Mtu aliyeishi miaka 20 au zaidi kwa nidhamu ya kambi, akala kwa saa na kukimbia kila asubuhi, huanza uzee na kisukari, shinikizo la damu, figo zilizochoka au saratani. Haya ni maradhi yasiyoponywa kwa sindano za mwezi mmoja. Yanataka dawa kila siku na kliniki kila mwezi, na pensheni ya askari wa cheo cha chini ni fedha iliyopangiwa karo na chakula.

Pamoja na hayo yako maradhi ya akili. Katika miaka ya 1940 hospitali ya Mathari, Nairobi, iliongozwa na J. C. Carothers, aliyedai baadaye katika maandishi yake kwamba huzuni kuu kama maradhi ni nadra kwa Mwafrika. Elimu ya leo imeyakataa madai hayo, lakini yalitokea wakati ule ule ambapo askari wa Burma walikuwa wakirudi nyumbani. Aliyeamka usiku akipiga kelele, au aliyeacha kusema na watu, hakuwa na jina la ugonjwa wake katika daftari la daktari. Wakamba walikuwa na desturi ya kumtakasa kwa ng'ondu mtu aliyeingiwa na unajisi, na mundu mue ndiye aliyejua dawa zake. Desturi hiyo haikuwa tiba ya hospitali. Lakini ilikiri jambo ambalo hospitali ya wakati huo ilikataa kulikiri, kwamba yaliyomfika mtu huko nje huweza kurudi naye ndani ya nyumba na kwamba jamii nzima inahusika kuyaondoa.

Nyumba kama hospitali

Nani basi alimuuguza askari? Jibu ni mkewe, mama yake, na baadaye binti yake. Katika miaka ya utumishi, mke wa askari alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa boma: ndiye aliyelima, aliyechunga, aliyeamua mbuzi yupi auzwe. Mume aliporudi mgonjwa, mzigo wa zamani haukupungua, na mpya uliongezwa juu yake. Chama cha kazi cha kijijini, yaani mwethya, kililima shamba la mgonjwa. Ukoo, yaani mbai, ulichanga fedha za safari na za dawa. Na baada ya uhuru desturi hizo zikaingizwa katika harambee. Mifugo iliyonunuliwa kwa mshahara wa jeshi iliuzwa mmoja mmoja kulipia maradhi. Kwa namna hiyo mshahara ulirudi ulikotoka.

Serikali za baada ya uhuru zimejaribu kuupunguza mzigo huo. Mfuko wa taifa wa bima ya hospitali ulianzishwa mwaka 1966, na Oktoba 2024 nafasi yake ikachukuliwa na mpango mpya wa afya ya jamii. Mwaka 2016 kaunti ya Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu, ambapo nyumba moja ililipa shilingi 500 kwa mwaka na wazee wa miaka 65 na zaidi hawakulipa kitu. Mpango huo haukuwalenga askari wastaafu, lakini uliwagusa kwa sababu ya umri wao, na ulionyesha kwamba kaunti kavu isiyo na mali nyingi inaweza kuamua kwamba uzee wa mtu usimalize mifugo ya wanawe. Matibabu yalisogezwa karibu na boma, na hilo ndilo lililokosekana Tseikuru mwaka 1952.

Hitimisho

Methali ya mabaharia wa pwani husema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aendaye nyuma na mbele ya chombo hana budi kurudi pale katikati alipotoka. Askari wa Kitui na Makueni alikwenda Rufiji, Omo, Kabaw na Kismayu, na marejeo yake yalikuwa boma lile lile. Jeshi liliandika siku aliyoondoka na siku aliyoruhusiwa, yaliyofuata hayakuandikwa.

Kazi mbili zinafuata kutokana na hayo. Ya kwanza ni ya wanachuo. Masimulizi ya askari yamekusanywa kwa kiasi fulani, na karibu yote ni ya wanaume wakisimulia mapigano. Masimulizi ya wajane na mabinti waliouguza hayajakusanywa vya kutosha, ingawa ndiyo yenye majina ya maradhi, bei za dawa, umbali wa hospitali na hesabu ya ng'ombe waliouzwa. Tena yamo katika Kikamba na Kiswahili, lugha ambazo idara za lugha za Kiafrika zina wajibu wa kuzihifadhi. Wajane wa kizazi cha Burma waliosalia ni wachache sana. Kazi ya pili ni ya serikali, nayo ni kuihesabu afya ya mstaafu kuwa sehemu ya utumishi wake na kumpelekea matibabu katika kaunti anakoishi. Askari wanaotumikia leo watastaafu, na wengi wao watarudi Mwingi, Mutomo, Kibwezi na Wote.